Setifiketi za Upande wa Pili wa Ukuta

Kwetu wake wa ndugu wawili huitana mke mwenza, hata kama kila mmoja ana bwana wake na sahani zake. Mimi niliolewa na kaka mkubwa, yeye akaolewa na mdogo. Alipokuja hapa Eldoret alinikuta nimeshazoea baridi, nimeshajua ni mama gani wa Soy analeta maziwa yasiyo na maji na ni yupi wa kuangaliwa mkono. Kwa hivyo mimi ndiye mkubwa, na mkubwa hutangulia. Hiyo sheria si mimi niliyeitunga.

Wanaume wetu walikuwa na duka moja la kuuza friji. Walipotutoka, mmoja akimfuata mwenzake, tulijenga ukuta katikati. Upande unaopata jua la asubuhi ukawa wangu na mwanangu, ambaye ni fundi tangu ujana. Upande wa pili ukawa wa mke mwenza na binti yake. Bidhaa zilikuwa zile zile, zikija kwa lori moja kutoka kwa muuzaji mmoja wa jumla: friza za bucha, tangi za kupoza maziwa, hita za maji za kuweka juu ya paa, na zile mashine za hewa baridi ambazo benki hununua. Watu huniuliza benki ya mji wa baridi hivi inataka baridi ya nini. Mimi huwaambia ni kompyuta ndizo zinasikia joto, si wao.

Shule niliiacha nikiwa najua kusoma Zaburi na jina langu. Lakini majina ya watu hayajawahi kunipotea. Mteja akinunua kwangu hata plagi ya friji leo, akirudi nikiwa na mvi zaidi nitamwita kwa jina, nitauliza mguu wa mama yake, nitauliza yule ng'ombe wake wa pembe moja alizaa nini. Ng'ombe pia nawajua kwa majina. Hapa sitaandika la mtu yeyote, kwa sababu wengi wako hai na wana wajukuu wenye simu. Nasema tu kwamba hivyo ndivyo tulivyouza. Mtu huja kuangalia bei, anaitwa jina lake, anaketi, anapewa chai, anaona haya kwenda kwingine.

Halafu yule muuzaji wa jumla akatuma habari kwamba kila duka litoe mafundi waende wafundishwe na kupimwa, wapewe setifiketi. Ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi. Hapa kwetu mahindi yakivunwa ndipo watu wana pesa na friza zinatoka, kwa hivyo mwanangu alisema ataenda wakati mwingine, nami nikasema amesema vizuri. Mke mwenza alifunga mlango wake. Alifunga kabisa, na kufuli, wakati wa mavuno, akampeleka binti yake na mafundi wao. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Wateja wake wote walipita kwangu, na nikawapa chai ya maziwa mengi.

Waliporudi walipigilia setifiketi ukutani, zimewekwa ndani ya vioo, mahali ambapo anayeingia haziwezi kumpita. Nilienda kuziona. Nilijifanya nimerudisha sufuria yake, ambayo ilikuwa imekaa kwangu tangu Pasaka.

Mke mwenza alinitazama nikiinua shingo, akasema, "Pole, utaumia hapo. Nikuletee kiti?"

Nikamwambia naangalia kama msumari umeshika.

Kutoka siku hiyo nilianza kuona vitu ambavyo singetaka kuona. Muuzaji wa jumla alisema friza ikifungwa na fundi mwenye setifiketi, ikiharibika yeye mwenyewe anaibadilisha. Ikifungwa na mwingine, shauri yako. Vipuri vikifika, vinaingia upande wa pili kwanza. Hospitali ikataka chumba cha baridi cha dawa, ikaita upande wa pili. Na kilichoniuma zaidi ni mkokoteni. Friza ikikataa kupoza, mwenyewe huipandisha kwa mkokoteni na kuirudisha dukani, na majirani wote hutoka nje kusikiliza ugomvi. Mkokoteni ulikuwa ukisimama kwetu. Nilikuwa nakaa mlangoni nikiuombea upite, usogee kidogo tu, usimame kwa yule. Haukusimama kwake. Binti yake alipima gesi ya kupoza kwa mizani kama mtu anayepima sukari, na vitu alivyouza vilikaa huko vilikouzwa. Mwanangu alishika paipu kwa mkono akasikiliza baridi, kama baba yake alivyomfundisha, na vya kwetu vingine vilirudi.

Wateja waliendelea kuja kwangu. Sitasema uongo, waliendelea. Wanaitwa majina, wanakunywa chai, wanacheka, halafu wananipa mkono na kwenda kununua ng'ambo ya ukuta. Nikabaki kuosha vikombe. Kuna asubuhi nilitia majani machache makusudi.

Ndipo kikaja kikundi cha akina mama kutoka kijiji kiitwacho Ziwa. Walitaka tangi kubwa la kupoza maziwa ya jioni, yangoje lori la asubuhi bila kuganda. Mwanangu aliniambia wazi, "Mama, tukikosa hii ya Ziwa nafunga duka. Nitarudi shambani."

Siku walipokuja nilivaa leso mpya. Niliwaita wote kwa majina, mmoja mmoja, na watoto wao, na ng'ombe wao. Waliduwaa. Mwenyekiti wao, ambaye mama yake nilimjua akiwa bado msichana wa kubeba kuni, aliweka kikombe chini na kunishika goti.

"Shosho," akasema, maana ndivyo nyanya huitwa hapa, "chai yako ni tamu na unatujua mpaka zizini. Lakini tangi likizima na maziwa ya kijiji kizima yako ndani, jina langu halitayapoza."

Wakaenda upande wa pili. Mimi niliweka sikio ukutani. Sioni kwa nini nifiche, ukuta ni wangu nusu.

Binti wa mke mwenza hakuwauzia papo hapo. Alisema lazima kwanza aone nyumba ya tangi. Alienda Ziwa, akakuta wamejenga chumba kizuri cha mawe kikigusana na posho mili, mashine ya kusaga mahindi. Akawaambia hawezi kuweka tangi hapo. Ile mashine ya tangi huvuta hewa kwa nyuma, na hewa ya hapo ni unga mtupu. Wageuze chumba, watoboe upande ule mwingine, ndipo arudi. Akina mama walikuwa wamechanga, wamejenga, wamepaka rangi. Walikasirika. Mwenyekiti alirudi kwangu amekunja uso, akasema watu wa setifiketi wana maringo, je, mwanangu anaweza kuliweka kama chumba kilivyo?

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi mpaka miguuni. Tangu lini mtu wa duka akakataa pesa iliyokuja yenyewe? Nilimtuma mwanangu Ziwa siku hiyo hiyo, na nikaanza kuwaza mke mwenza atakavyoliona lile tangi likitoka kwa mlango wangu, linavyong'aa, watu sita wakilibeba.

Mwanangu alirudi akaketi juu ya kreti ya soda bila kuvua kofia. Nilimuuliza tangi linatoka lini.

"Yule msichana ameona sawa," akasema.

Akanikumbusha lile tangi tulilouza Soy, ambalo nalo limekaa karibu na mashine ya kusaga. Kila mara likishindwa kupoza wanamwita, naye anaongeza gesi, linapona kidogo, linazima tena, na wenye tangi wanamtukana mpaka babu yake. Siku hiyo alikuwa amepitia huko kutoka Ziwa, akafungua nyuma, akakuta unga umeshikana kama ugali wa jana. Gesi haikuwa na shida hata kidogo.

"Na mwenyekiti ulimwambia nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia wageuze chumba."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Aliinuka akaenda upande wa pili, bila kuniaga, kumwomba binamu yake amwandikishe kwa mafunzo kwa jina la duka lao, kwa maana kwa jina letu muuzaji wa jumla hakutaka tena kusikia, kwa vile vitu vyetu vilivyorudi. Akina mama wa Ziwa waligeuza chumba. Tangi lao lilitoka kwa ule mlango mwingine, likang'aa vile vile nilivyokuwa nimewaza, na waliolibeba walikuwa wanne tu. Nasikia mpaka sasa halijazima. Watu wanapenda sana kuniambia hivyo.

Mwanangu hakurudi shambani, aliingia kazi kwa binamu yake, na duka letu likafungwa kama alivyosema. Siku walipobomoa ukuta nilikaa nyumbani. Nilisema ni mgongo. Nilikaa hivyo mpaka mke mwenza akaja mwenyewe na sufuria ile ile, ndani ametia githeri ya mahindi na maharage. Alisema vumbi limeisha, kiti changu ameweka mbele karibu na mlango.

"Hawa watu wakiingia mimi nawaita 'mteja, mteja' kama mtu anaita kuku," akasema. "Wewe unawajua."

Nikamwambia nitafikiria. Kesho yake nilifika kabla yake.

Sasa nakaa pale. Kiti ni kizuri kuliko changu cha kwanza, na hilo pia nimeliona. Naita majina, natoa chai, na wakimaliza kunywa hawaendi popote kwa sababu hakuna ng'ambo. Wakiniuliza, "Shosho, duka ni lako?" nawajibu ni la nyumba yetu, halafu namtazama mke mwenza kama atabisha.

Setifiketi ya mwanangu ilikuja ikapigiliwa ukutani na kijana wao mmoja wa kufunga mashine. Niliingia nikaikuta chini ya ile ya binti wa mke mwenza. Chini, kama mtoto aliyekalishwa miguuni. Nilingoja watu wapungue, nikaomba nyundo, nikavuta stuli.

"Mke mwenza, utaanguka," akasema mwenzangu kutoka nyuma ya kaunta.

"Shika stuli basi."

Akaishika. Alinishika kiuno pia, akilalamika kwamba mimi ni mzito kwa mtu anayejifanya mgonjwa wa mgongo. Niling'oa, nikapima kwa kiganja, nikapigilia. Aliniuliza kama zimekuwa sawa. Nikamwambia ziko sawa kabisa.

Ya mwanangu imezidi kwenda juu kwa upana wa kidole. Mke mwenza huwa anaangalia bila miwani, bado hajaona.