Orodha Niliyoinakili kwa Mwandiko Mzuri

Nilikuwa nikiamini kwamba rais anapaswa kuwa na uwezo wa kuamuru mtu fulani auawe. Naliweka hilo mbele kabisa kwa sababu nimejaribu kuanza kwa njia nyingine mara nyingi, na kila mara nilijikuta najipamba. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nachapa barua na programu za mazishi katika kibanda cha kompyuta pale Khayega, na nilikuwa na maoni.

Ilikuwa ile miezi ambayo wanasiasa walisema kila Jumapili makanisani kwamba mahakama zimeshindwa, kwamba jambazi anakamatwa Ijumaa na Jumanne yuko nyumbani anakula. Rais apewe ruhusa, walisema. Aletewe majina ya wale sugu, atie sahihi, wamalizwe. Redio ikaomba wasikilizaji watume maoni. Ujumbe wangu ulikuwa wa sentensi mbili, na niliuandika asubuhi nzima, nikibadilisha neno moja moja, huku wateja wakisubiri. Sentensi ya pili ilisema kwamba raia mwema hana sababu ya kuogopa orodha. Mtangazaji aliusoma na kusema huyu ameandika vizuri. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Binamu yangu alinisikia. Alikuwa mtoto wa senje, yaani dada ya baba yangu, na aliendesha bodaboda katika steji iliyo mkabala na kibanda chetu. Alikuja akaegemea mlango.

"Mwalimu, umeingia redioni."

Aliniita mwalimu kwa kunitania. Niliacha chuo pale Sigalagala kabla ya kumaliza mwaka, na mengine yote nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu kuukuu na magazeti ya kufungia nyama.

"Sasa rais anajua watu wa Khayega?" aliuliza.

"Ataletewa majina."

"Na nani?"

"Watu wa usalama."

"Hao ndio hushindwanga kujua nani aliiba spika ya kanisa." Alicheka, akachukua kalamu yangu moja, akaenda nayo. Nilikasirika kwa sababu ya kalamu. Hoja yake sikuijibu, na sikuona kwamba ilihitaji jibu.

Baada ya hapo maduka mawili yakavunjwa, na mwendeshaji mmoja akanyang'anywa pikipiki na kupigwa hadi akapoteza jicho. Watu walikuwa na hasira ya kweli, mimi pia. Naibu chifu akaitisha baraza na kutangaza kura ya siri. Kwetu hilo si jambo geni. Kila mtu mzima anapewa kijikaratasi, anaandika jina la anayesumbua kijiji, anakikunja, anakitia katika ndoo. Asiyejua kuandika anamnong'oneza jirani. Hakuna anayeulizwa ushahidi. Uzuri wake, tulikuwa tukisema, ni kwamba hakuna anayejulikana aliandika nini.

Karatasi zilipokwisha kukusanywa, naibu chifu aliangaza macho akaniona.

"Wewe wa kompyuta, njoo. Una mwandiko."

Nilikaa kwenye dawati la shule na kuzifungua. Nilihesabu, nikapanga, nikaanza kunakili kwenye karatasi moja safi. Mistari sita ya kwanza haikunisumbua, kwa maana ilikuwa na majina kamili au karibu kamili. Mstari wa saba ulitokana na karatasi tatu, na zote zilisema kitu kimoja: yule wa pikipiki nyekundu wa steji.

Steji ile ilikuwa na pikipiki nyekundu mbili. Moja ilikuwa ya mtu wa Lumakanda aliyekuja siku chache kwa wiki. Nyingine ilikuwa ya binamu yangu. Nililijua hilo nikiwa nimeshika kalamu.

Nitasema jinsi ilivyokuwa, ingawa naona aibu kwa udogo wake. Mstari ule ulikuwa mbaya. Majina sita yamekaa vizuri, halafu chini yake maelezo yanayoning'inia, kama kazi iliyoachwa katikati. Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Daftari likiwa na doa nachana ukurasa. Nilimuuliza naibu chifu, "Hili la saba niliache hivi?"

"Andika vile unajua," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

Nikaandika majina yote matatu ya binamu yangu, la mwisho likiwa la babu yetu, ambalo mimi pia ninalo. Kulikuwa na kitu kingine nyuma ya unadhifu huo, na sitakificha. Ile pikipiki aliipata ghafla, na hakuwahi kutueleza vizuri ilikotoka. Sehemu yangu ilitaka aitwe, aulizwe, atoe stakabadhi mbele ya watu, aache kunicheka.

"Inaenda wapi?" niliuliza nilipomkabidhi naibu chifu karatasi.

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu ni juu, dada."

Wiki chache baadaye, saa sita mchana, gari lisilo na namba lilisimama kwenye steji. Mimi nilikuwa nimeenda Kakamega kununua wino wa printa, kwa hiyo haya niliyapata kwa mwenzake binamu aliyekuwa ameketi naye. Walishuka wanaume wanne waliovaa nguo za kawaida. Mmoja alifungua karatasi akasoma majina matatu. Waendeshaji waliangaliana, kwa sababu pale steji watu hujuana kwa majina ya utani tu. Binamu akainuka mwenyewe na kusema, "Ni mimi, kuna nini?" Wakamwingiza garini, na siku ya pili tulimtambua katika chumba cha maiti. Alikuwa na risasi mbili, zote kwa nyuma.

Senje alikwenda kituoni kuuliza. Aliambiwa mwanawe alikuwa jambazi sugu. Akauliza nani amesema. Akaambiwa amri imetoka juu.

Mpaka leo sijui kama kuna rais aliyewahi kupewa ruhusa ile kwa maandishi. Sijaona sheria ikipita. Labda haikuhitajika, labda ilitosha kusemwa Jumapili baada ya Jumapili hadi kila mwenye bunduki akajiona ametumwa. Na sijui kama binamu yangu aliiba. Watu hufikiri nitasema hakuiba. Mimi ni miongoni mwa waliomshuku, na sasa hakuna njia iliyobaki ya kujua, kwa sababu aliyepaswa kujibu amezikwa.

Kwetu, kabla ya kuzika, mtu wa familia husimama na kusoma ripoti ya ugonjwa: ulianza lini, hospitali gani, mgonjwa alisema nini mwisho. Senje aliniambia niiandike mimi.

"Hakuugua, senje."

"Najua hakuugua. Sema walikuja na jina lake limeandikwa. Jina la tatu hata hao marafiki zake hawalijui. Waulize watu, ni nani aliwapa."

Niliandika kurasa mbili. Nilisimama kando ya jeneza nikasoma kwa sauti isiyotetemeka kuhusu gari, wanaume wanne na saa sita mchana. Jambo la karatasi sikulisoma. Mwanasiasa aliyefuata alinisifu kwa kusoma vizuri, kisha akasema serikali haitalegeza mkono.

Senje hakunikaripia kwa kuliruka. Alikuja kibandani siku ya Alhamisi, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasema anataka barua kwa rais.

"Kama amri ilitoka juu, basi yeye ataniambia jina walilitoa wapi. Wewe andika. Nitakuja Jumatatu niweke kidole."

Senje hajui kusoma. Barua yake ni lazima isomwe kwa sauti kabla hajaiwekea kidole, na hakuwa na mwingine wa kumsomea ila mimi. Niliichapa mara kumi na moja. Mara kumi ilikuwa barua nzuri sana.

Jumatatu alifika, nikamsomea ile ya kumi na moja. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba majina matatu yaliandikwa na mpwa wake, katika orodha ya kura ya siri, bila mtu kumwagiza ayakamilishe, nilisoma haraka haraka. Aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Wewe," akasema.

"Senje, mimi niliandika jina. Sikuandika auawe."

"Na huyo wa juu atasema hakuandika jina," akasema. "Mwenye bunduki atasema alitumwa. Sasa mimi mtoto wangu aliuawa na nani?"

Nilimsogezea kidau cha wino. Akakisukuma kurudi upande wangu.

"Weka jina lako kwanza. Yote matatu."

Niliyaandika. Herufi za mwisho zilipanda juu ya mstari. Nikasema nitachapa nakala nyingine. Akasema hapana, akabonyeza kidole chake chini ya jina langu, akaichukua barua na kwenda kuituma mwenyewe.

Hatujajibiwa. Senje hupita mbele ya kibanda kila siku ya soko, na hageuki.