Makala Iliyofunguliwa Mara Moja

Blogu yangu ilikuwa imenichosha. Picha ya mbuzi aliyelala juu ya pikipiki sokoni Newala ilifunguliwa mara elfu mbili. Makala ya kupuliza salfa kwenye mikorosho, niliyoihangaikia wiki nzima, ilifunguliwa mara moja. Mara moja! Nikaapa siandiki tena.

Mwezi uliofuata nilikwenda msibani Chilangala. Nilimwamkia mama mmoja mkulima shikamoo, hata marahaba hakuitika.

“Wewe ndiye wa salfa? Karani wa ghala aliifungua makala yako, akaichapisha, akaibandika mlangoni. Tumeisoma kijiji kizima mpaka karatasi imechanika, na imechanikia penye kipimo. Sasa tunapuliza kwa kukisia, na wewe umekaa kimya tu!”