Kimya Baada ya Kimeo

Kwa miaka mitatu mwanangu alikoroma na watu wa kijiji chetu cha Usevya wakafurahi. Jirani akija kuazima ungo alisimama mlangoni kumsikiliza mtoto aliyelala mchana, akacheka. "Huyu mnamlisha nini? Wali wote wa Mpimbwe uko tumboni mwake!" Mama yangu alijibu kwamba mjukuu wake amerithi kwa babu yake, na babu hakufa kwa kukoroma. Mimi peke yangu nilikuwa nasikiliza zile sehemu ambazo hakoromi.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada na mtoto mgongoni, sina kazi, na kila jambo nililiwaza mpaka likaharibika. Kwa hiyo niliposema mtoto anakata pumzi usingizini, mama aliona ni yale yale. "Wewe hata kuku akipiga chafya unatafuta kwenye simu." Lakini daktari wa Mpanda alimmulika kooni, akaniuliza kama analala mdomo wazi, kama anatoka jasho, kama anarudisha kichwa nyuma. Nikajibu ndiyo kwa yote. Akatuandikia rufaa ya Dar es Salaam.

Kule walimbandika nyaya kichwani na kifuani, wakamwekea mrija mdogo puani na kitu chenye taa nyekundu kidoleni, wakampima akiwa amelala. Majibu yalipotoka daktari wa huko aliiweka mistari mbele yangu. Mmoja ulikuwa wa kifua, mwingine wa hewa inayopita puani. Kuna mahali mstari wa kifua ulikuwa unahangaika, unapanda na kushuka, huku ule wa hewa umenyooka kabisa. Chini yake wa oksijeni ulikuwa unaporomoka.

"Hapa anavuta, ila njia imefunga," daktari alisema. "Mtoto wa umri huu, hata ikiwa zaidi ya mara moja kwa saa tunaanza kuangalia. Wa kwako ni mara kumi na nne. Ni kali."

Akaeleza kwamba nyama za nyuma ya pua na mafindofindo yamekuwa makubwa kuliko nafasi iliyopo. Yakitolewa, watoto wengi hupumua vizuri. Angepimwa tena baadaye, na kama tatizo lingebaki, kuna mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa usoni. Hapo hapo nikaanza kuiwaza mashine, na umeme wa kwetu unavyokatika, kabla hata upasuaji haujafanyika. Tarehe ya upasuaji ilipangwa baada ya mavuno ya mpunga.

Nilimweleza mama akiwa anapepeta mchele uani.

"Kwa hiyo kuna kitu kooni kinaziba."

"Ndiyo, mama."

"Na dawa yake ni kukata."

"Ndiyo."

Akapepeta kidogo, akaacha. "Halafu wamlaze kwa dawa ya usingizi. Mtoto ambaye akilala anakata pumzi."

Swali hilo lilikuwa langu pia. Nilikuwa nimemuuliza daktari, na alinijibu kwamba mtaalamu wa dawa ya usingizi atakuwa pembeni yake muda wote, akimsaidia kupumua. Nikamrudishia mama jibu lile neno kwa neno, lakini sauti ilitetemeka. Mama aliisikia. Akarudi kupepeta.

Wiki iliyofuata niliitwa usaili Mpanda, nikamwacha mtoto na bibi yake. Niliporudi nilimkuta kwenye mkeka, mate yenye damu yanamtiririka kidevuni, kikombe cha uji kiko pembeni hakijaguswa. Mama alikuwa amechoka, ila uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi.

"Nimempeleka Majimoto, kwa yule mzee wa vimeo. Kamkata akiwa macho, hakuna cha kulazwa wala nini. Dar hamwendi tena."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Huku kwetu mtoto akikohoa sana wanasema kimerefuka, wanakikata. Mimi mwenyewe nilikatwa nikiwa mdogo, na siku zote mama anasema ndiyo maana nilisoma bila kuugua.

"Mama, kimeo hakina shida. Majibu yalisema mafindofindo, na nyama za pua."

"Majibu ni karatasi. Mimi nimekiona kwa macho, kilikuwa kirefu hivi." Akanionyesha kwenye kidole. "We mtoto, ulikuwa unalia kila siku. Nimekuondolea kilio."

Kesho yake homa ilipanda, koo likavimba. Mpanda walimlaza, wakamtundikia dawa na kumwekea oksijeni. Homa ilishuka, lakini daktari alipozungumza na Dar aliniambia hawawezi kumfanyia upasuaji na kidonda kile. Lazima kipone kwanza, waangalie kovu limevuta wapi. Nafasi yetu akapewa mtoto mwingine. Sisi tungepigiwa simu.

Mpunga umeshavunwa. Simu naiweka chaji kila umeme unaporudi.

Juzi mchana mtoto alilala kwenye mkeka na mama akaja kuketi karibu. Kukoroma kulikuwa kumepungua. Alisikiliza, akatabasamu. "Unaona? Kimya kabisa."

Nilikuwa naangalia fulana ya mtoto. Kifua kilikuwa kinaingia ndani na tumbo linapanda, kinaingia tena, na puani hakuna sauti. Ule mstari wa hewa ulionyooka ulikuwa umelala mbele yangu kwenye mkeka.

Mama alifuata macho yangu. Tabasamu likakaa kidogo, kisha likaondoka. Akapeleka kiganja puani kwa mtoto. Akakitoa, akakifuta kwenye khanga kana kwamba kosa ni la mkono, akakirudisha.

"Mbona hakuna hewa?"

Kabla sijasogea alimgeuza ubavu. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi kwa mkoromo mkubwa, akaendelea kulala. Mama hakumwachia. Alibaki amemshikilia kidevu, mgongo umejikunja, kwa muda mrefu.

"Wale wa Dar," aliniuliza bila kuinua kichwa, "hawajapiga?"

"Bado, mama."