Gari Lililopangiwa Kesho

Ni asubuhi, Ngamiani, jijini Tanga. Kazija Massoud amekaa kwenye mkeka, kompyuta mapajani, chai imepoa pembeni. Anaijaribu programu yake: anatuma ujumbe, anasubiri jibu, anatuma mwingine. Tangu juzi hana kazi nyingine.

Kazija, mzaliwa wa Pemba, huandika programu za kompyuta. Mwaka jana shirika dogo la hisani lilimpa kazi ya kutengeneza programu ya kuwaitia gari wajawazito wa vijiji vya Pangani. Muuguzi hutuma ujumbe kwa simu, programu humpangia dereva safari.

Ujumbe wote huingia ukiwa maandishi matupu. Kila zahanati ina maswali yake, hivyo Kazija hakuweza kujua mapema jibu lipi litakuwa namba, lipi tarehe, lipi saa. Aliiachia programu iamue yenyewe, papo hapo, kila ujumbe unapofika.

"Nikajiona fundi," anasema. "Kumbe najichimbia shimo."

Mwezi uliopita, saa moja asubuhi, muuguzi Praxeda alituma ujumbe kutoka upande wa Mkwaja: mama ana uchungu, anavuja damu, gari lifike 4:00. Kwa Praxeda, kama kwa kila mtu wa pwani hii, hiyo ni saa nne asubuhi, muda ambao gari likiondoka mara moja lingefika. Programu ikaisoma kuwa saa kumi alfajiri. Na kwa kuwa alfajiri ilishapita, ikapanga gari liende kesho yake.

Gari lilikuwa Pangani mjini, limejaa mafuta. Dereva Hosea alikuwa analifuta vumbi. Praxeda alipiga simu mpaka akachoka. Huko ujumbe hupita kwa taabu, sauti haipiti kabisa. Yule mama, Maryam, akafariki alasiri. Mtoto alipona.

Kinachomtafuna Kazija ni kwamba naye huhesabu saa vivyo hivyo.

"Nyumbani nasema saa nne kama watu wote. Nikishika kompyuta, akili inageuka, nahesabu kama yenyewe. Majaribio yote nilifanya mwenyewe. Sikumpa hata muuguzi mmoja ajaribu."

Mkuu wa shirika alimwambia ajali haina kinga. Methali hiyo sasa hataki kuisikia. Alikwenda kuhani, akamweleza mume wa marehemu, Uweso, kila kitu.

"Angenitukana ningepata nafuu. Aliniuliza tu: 'Dada, kama haikujua, mbona haikuuliza?'"

Alitaka programu izimwe moja kwa moja. Praxeda akamkatalia. "Mdogo wangu, ukiizima, watakufa bila hata gari la kuchelewa."

Sasa saa yenye utata haikisiwi. Programu inamuuliza muuguzi: asubuhi au usiku? Jibu lisipokuja, dereva anaondoka hapo hapo. Itawashwa tena Alhamisi, Praxeda akishaijaribu kwa mkono wake.

"Wifi yake Maryam naye mimba imetimia," anasema Kazija. "Ameapa hapandi gari letu. Mie namuomba Mungu limfikie mlangoni kwa wakati, kisha akatae mwenyewe."