Kamba ya Kuamshia Mota

Mume wangu alipofariki, karakana yetu ya samani pale Cheyo ilibaki mikononi mwa watu wawili: mimi, niliyekuwa nashona matakia na kuvalisha makochi, na mdogo wake, aliyejiita fundi seremala. Nasema alijiita, kwa kuwa katika kazi zote nilizopata kumwona akifanya, hiyo ya kujiita ndiyo aliyoifanya kwa bidii.

Mashine ya kuchania mbao ilikuwa meza ya chuma yenye msumeno wa mviringo, ikivutwa kwa mkanda na mota ya umeme wa kawaida wa nyumbani. Asubuhi moja mota ilikataa kuanza. Ukiwasha inanguruma tu palepale ilipo, na usipozima upesi inashika moto. Mtu mwenye akili angezima akatafuta kasoro. Shemeji alitafuta kamba.

Aligundua kwamba ukiviringisha kamba kwenye puli, lile gurudumu dogo la mota linalovuta mkanda, ukaivuta kwa nguvu, na mwenzako akawasha wakati huohuo, mota inadaka mwendo na kuendelea yenyewe. Ugunduzi huo ulimharibu kabisa. Vijana wa bodaboda wakawa wanaacha kijiwe chao kuja kutazama. Naye anakunja mikono ya shati, anatemea mate viganjani, anapanua miguu kama anayetaka kung'oa mti. Wa kuwasha swichi ni mimi. Naitwa kutoka kwenye cherehani, uzi ungali mdomoni, ili mwanamume mzima apigiwe makofi kwa jambo ambalo kidole kimoja kilitosha.

Nilimwomba mara nyingi tuifungue mota tuone. Alinijibu kwa upole, kama anayemhurumia mjinga, kwamba mota ile imezeeka, na kila mzee ana namna yake ya kuamshwa. Wale vijana wakatikisa vichwa kama waliosikia mahubiri.

Mota iliyo katika hali ile haina upande wake. Unakoivuta ndiko inakokwenda. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Nzega kufuata kitanda, na shemeji, katika kumsimulia ufundi wake, akaviringisha kamba kinyume. Msumeno ukazunguka kinyumenyume. Yeye hakuona. Alisukuma ubao wa mninga, meno yakauinua na kuurusha juu, ukampita yule mama karibu na sikio na kuvunja kioo cha kabati la mtu. Mama wa watu alikaa chini kwenye vumbi la mbao, akashika kifua. Shemeji akamweleza kwamba ubao ulikuwa na fundo.

Siku hiyohiyo alipokwenda kula, nilichomoa waya ukutani. Nilivua mkanda na kuzungusha puli kwa mkono. Ikaenda laini, kwa hiyo beringi zilikuwa nzima. Nikaishuku kapasita, kile kikopo cha mgongoni kinachoipa mota msukumo wa kwanza, maana cherehani yangu ya umeme iliwahi kunguruma vilevile na kapasita mpya ikaiponya. Nilikwenda mjini nikapata ya kipimo kilekile, nikaifunga, nikawasha. Ikanguruma.

Shemeji alikuwa amerudi, amesimama mlangoni akijichokonoa meno. Alisema hakutaka kunikatisha tamaa, ila yeye alijua tangu mwanzo. Nimekosea mara nyingi maishani, lakini mbele ya mtu yule sikutaka kuishia hapo. Nikachomoa waya tena, nikafungua kifuniko cha nyuma.

Mle ndani mna swichi ndogo. Wakati wa kuanza inaipa kapasita umeme, mota ikishika kasi inaukata. Ya kwetu ilikuwa imezibwa na unga wa mninga uliochanganyika na grisi, umeganda kama ugali wa juzi, na vidomo vyake viwili vya kupitishia umeme havigusani. Tulikuwa tumeishi na uchafu, basi. Uchafu ambao brashi na kipande cha msasa laini vingeutoa. Nilisafisha, nikahakikisha springi inacheza, nikafunga. Safari hii nilipowasha, mota iliondoka yenyewe kwa sauti safi ambayo nilikuwa nimeisahau.

Shemeji alikuwa na kamba mkononi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mimi nitafanya nini?"

"Chana mbao," nikamwambia.

Hakuchana. Alikwenda nyumbani na hakuonekana, hadi mama mkwe akanijia baada ya ibada ya Jumapili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akasema nimemvua mwanawe nguo mbele ya vijana. Nilimweleza habari ya ule ubao uliompita mteja sikioni. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Mwanangu, yule hana kingine." Alikuwa ndiye mama yake, na alimjua kuliko mimi.

Shemeji aliporudi kazini, ndipo nilipoelewa. Enzi za kamba, kuamsha mashine kulikula asubuhi nzima, na mbao chache zilizobaki kuchanwa hazikumfichua. Sasa mashine ilimngoja tangu alfajiri, na kila ubao aliousukuma ulitoka umepinda. Alikuwa hajui kuchana. Pengine hakuwahi kujua. Marehemu kaka yake ndiye aliyekuwa akirekebisha kimyakimya.

Kwa hiyo nachana mimi, kama nilivyokuwa nikimwona marehemu akifanya. Shemeji anakaa mbele, barabarani, anauza, na nakiri kwa shingo upande kwamba anauza vizuri: watu wa Igunga wanaokuja kutazama tu huondoka na kitanda. Huwaambia kuwa yeye ndiye aliyemfundisha huyo mwanamke aliye kwenye msumeno. Nasikia kila neno. Sijawahi kumsahihisha, maana ningelazimika kuzima mashine na kuzungumza naye.