Mguu wa Mtoto wa Wifi

Nina wivu, sina haja ya kuuficha. Miaka tisa ya ndoa sijapata hata mimba ya kuharibika, halafu wifi, aliyeolewa na kaka yangu mwaka jana tu, akajifungua mtoto wa kiume. Nyumba nzima ya mama yangu ikawa ni yeye: wifi ale, wifi alale, wifi asisumbuliwe. Mimi shangazi mtu nikawa wa kwenda kuanika nepi.

Kazi yangu ni chumba cha plasta, hospitalini. Nalowesha bendeji, nawashika watoto magoti wakati daktari anawanyoosha nyayo. Nimeona miguu mingi kuliko fundi viatu.

Siku ya nne wifi aliniachia mtoto nimwogeshe. Unyayo wa kushoto ulitazama ndani, kisigino kimepanda juu. Mguu uliokunjamana tumboni tu, ukiusukuma taratibu kwa kidole unakaa sawa. Niliusukuma. Haukukubali.

Nilifurahi. Si kwa muda mrefu, lakini nilifurahi, nikamviringisha mtoto kwenye shuka lake na kumrudisha kwa mama yake bila neno. Nilinyamaza siku kumi na moja. Kazini daktari alirudia utani wake wa kila siku, kwamba samaki mkunje angali mbichi, ila sisi hapa kazi yetu kumkunjua, na kila wiki inayopita mguu unazidi ubishi.

Jumapili nikasema, mbele ya wifi na mama yangu.

"Mguu wa mtoto umepinda, amezaliwa nao hivyo. Kesho aje kliniki."

"Alilala vibaya tumboni tu," mama akasema. "Namkanda kila siku, utanyooka. Wewe mwanangu una kijicho, nani asiyejua?"

"Kijicho ninacho, mama. Na mguu umepinda. Yote mawili ni kweli."

Wifi alimfungua mtoto shuka. Nikamwonyesha pa kusukuma, naye akasukuma, mara mbili, mara tatu. Kisha akaniangalia.

"Wifi, si ulimwogesha wewe siku ile ya nne? Hukuona?"

"Niliona."

Kesho yake alikuja. Nilipoinama kumshika mtoto goti, aliusogeza mkono wangu.

"Nitamshika mwenyewe."

Sasa ni plasta ya tano, na mguu unanyooka vizuri, daktari anausifu. Mimi nalowesha bendeji pale kwenye beseni. Mtoto sijamshika tena.