Duara la Chaki

Kwa miaka mingi nilikana kwamba mimi ni mwoga. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa historia na fasihi hapa Lodwar namna ya kuwasilisha kazi zao mbele ya watu, na kanuni yangu ya kwanza ilikuwa kusimama tuli. Nilichora duara la chaki sakafuni. Mwanafunzi aliingia humo, akaunganisha visigino, akaongea. Niliiita nidhamu ya kitaaluma. Ukweli ni kwamba nikisimama mbele ya watu magoti hunicheza, na tangu chuo kikuu nimeponea kwa kushikilia meza. Kwa kuwa sikuweza kusogea, niliamua kwamba kusogea ni utovu wa adabu.

Kisha nikapata mwanafunzi mmoja wa historia, mama wa watoto wawili kutoka Nawoitorong. Alikuwa ametafiti jinsi wanawake wa kando ya ziwa wanavyokumbuka miaka: hawaitaji kwa tarakimu, kila mwaka una jina lake, la njaa fulani au la mafuriko. Jopo la watahini lingemsikiliza kule mjini Kakuma. Likimkubali, shule moja ya Kerio ilikuwa imemwekea nafasi ya kufundisha. Likimkataa, angerudia mwaka mzima, na nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Mazoezini aliingia duarani, akasema sentensi mbili, akakauka kama samaki wanaoanikwa juani kule Kalokol. Nikamwambia apumue. Akapumua, tena vizuri sana, dakika nzima.

Wakati wa mapumziko nikamkuta kantini akimsimulia mpishi utafiti ule ule. Alitembea kutoka jikoni hadi mlangoni, akageuka, akarudi, kama wafanyavyo wazungumzaji wa mikutano ya huku. Mpishi naye, kama ilivyo desturi ya wasikilizaji, alimwitikia kila sentensi: "Eeh!" Chai ilifurika na hakuna aliyejali.

"Huko Kakuma usifanye hivi," nikamwambia. "Lile ni jopo, si mkutano wa kijiji."

"Mwalimu, nikisimama, maneno nayo yanasimama."

"Mwache atembee," mpishi akadakia. "Ama sakafu ya Kakuma pia ni yako?"

"Mimi huzungumza nikiwa nimetulia."

"Unatulia, mwalimu," mwanafunzi akauliza kwa upole mno, "ama unashikilia meza?"

"Eeh!" mpishi akaitikia.

Siku ya jopo nilibaki Lodwar, nikisingizia mitihani ya kusahihisha. Nilisahihisha karatasi moja tu, na hiyo nikaisahihisha mara tatu. Adhuhuri simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa jopo, Mkongomani mmoja aliyekuwa mwalimu kwao na sasa anafundisha Kakuma.

"Mama mwalimu, mwanafunzi wako amepita. Ametembea chumba kizima, mpaka sisi watahini tukaanza kumuitikia. Shule ya Kerio tumeisha kuijulisha." Kisha akauliza: "Ni wewe ulimufundisha vile?"

Jibu zuri lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

"Hapana," nikasema. "Nilimkataza."

"Ndivyo niliwaza," akasema. "Mwaka jana nilikusikiliza ukihutubia hapa."